Swali kwenye Kioo cha Kushoto

Baba, mulembe.

Kabla hujauliza: ndiyo, nimefunga mlango polepole. Nimeketi ndani ya pikapu yako mbele ya kibanda chetu hapa Kitale, upande wa dereva, daftari nimeliegemeza kwenye usukani, na nje manyunyu ya Agosti yameanza tena. Baridi imewazuia wateja, wamekuja wawili tu tangu asubuhi. Wa pili nimemwomba anisubiri kidogo kwa sababu nina barua ya kumaliza. Akauliza barua ya nani, nikamwambia ya bosi. Akaangalia huku na huku akimtafuta huyo bosi.

Ningekuandikia mapema. Mwaka umepita tangu tukulaze Bumula, na mwaka mzima sikukosa la kukuambia, nilikosa uso wa kukuambia. Kuna jambo nililokudanganya, Baba. Ni neno moja tu, lakini uliondoka nalo, na mimi nikabaki nalo. Nitalifikia. Ulinifundisha kwamba ukitaka kujua maji yanaingilia wapi kwenye gari, usianze pale kapeti ilipolowa, anza juu. Basi naanza juu.

Kibanda kipo. Lile bati lililokuwa likipiga makelele kila upepo ukitoka mlimani nimelipigilia, na sasa kimya chake kinanisumbua kuliko kelele. Mzee Njoroge, yule mkulima wa viazi wa kule juu Cherang'any, bado anakuja, na bado anabamiza mlango utadhani anafungia fisi. Nilipomwambia umetuacha alivua kofia hapo mlangoni. Kisha akakumbusha watu ile siku alipoamka akakuta barafu nyembamba kwenye windskrini, akachukua birika la maji yaliyokuwa yakichemka akaimwagia, kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona. Sisi wote kibandani tulicheka. Wewe hukucheka. Ulimkalisha kwenye stuli ukamuuliza kama aliwahi kunywa chai ya moto kisha akashushia maji ya mtungi, jino lilimwambiaje. Akasema liliruka. Ukamwambia na kioo ni hivyo hivyo, mzee wangu, jioni kifunike na gunia, na asubuhi uliache gari lijipashe moto lenyewe taratibu. Ulimhurumia mtu ambaye kila mmoja alimwona mjinga. Nilikuwa nimesimama na koleo mkononi, na niliona haya kwa kicheko changu.

Miaka kumi na mitatu nilifanya kazi na wewe. Watu walipokuja kukunong'oneza kwamba wapi umeona fundi wa vioo na raba za milango akiwa mwanamke, uliwajibu kwamba vidole vya Nasimiyu vinaingia mahali vyenu haviingii. Hukuniambia kamwe kwamba nafanya vizuri. Ulikuwa unaniachia kazi ukaenda kunywa chai, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Nilijua, Baba. Nataka ujue kwamba nilijua.

Msimu wa baridi ulikuwa na wimbo wako, na wateja waliokuzoea waliuimba kabla yako. Raba ya mlango ioshwe na maji ya sabuni, ikauke kabisa, ndipo ipakwe glisarini kwa kitambaa, kidogo tu, mpira unywe usioge. Mlango ukigoma asubuhi usiukung'ute, usukume kwanza uelekee ndani ndipo uvute. Kioo kikishikwa na baridi kwenye mfereji wake usikilazimishe kushuka. Na ile karatasi! Ulikuwa unakata kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, unakifungia mlangoni, unakivuta. Kikibishana nawe, raba nzima. Kikikufuata bila ubishi, raba imechoka na mvua itaingia. Mpaka leo sitambui tarehe kwa kalenda yoyote ya hapa kibandani, zote nimezikata.

Lakini amri kubwa kuliko zote ilikuwa moja: kioo cha ndani hakiguswi na kidole. Ulikuwa ukali mtupu hapo. Ngozi ina mafuta, ulisema, mafuta yanabaki, na ukungu ukija unaonyesha kila mahali mtu alipogusa. Kioo kichafu ndani ndicho kinachoshika ukungu. Watoto wa wateja waliochora nyuso kwenye vioo uliwapa kitambaa wafute wenyewe, kutoka juu kwenda chini, hakuna kuzungusha. Hata Mama, ambaye hajawahi kukuogopa kwa lolote, alikuwa akiketi upande wa kushoto wa hii pikapu mikono imekunjwa mapajani.

Sasa naja kwenye ile asubuhi.

Koo lilianza kukunyima ugali, kisha uji, kisha sauti. Mama alihama Bumula akaja kwangu kukuuguza. Alikugeuza, alikuosha, alikaa kando ya kitanda chako kwenye mkeka, na hakuwa akiweka kitu mdomoni mbele yako. Alisema atatafunaje na wewe mate yenyewe yanakushinda. Nilidhani anakula jikoni. Aliniambia anakula jikoni. Halafu nikaanza kuona sahani ninazomfunikia nikilala nazikuta asubuhi vilevile, ugali umekuwa jiwe. Wewe ulikuwa umelala umefumba macho, nikafikiri hujui. Wewe ambaye ungesikia raba iliyolegea gari likipita tu barabarani.

Ilikuwa Julai, ukungu mpaka magotini. Nilikuwa nakupeleka hospitali, mimi na wewe tu. Mama nilimwacha nyumbani kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukesha. Nilikufunga blanketi, nikakuweka hapo kushoto, nikawasha injini. Hita ilikuwa bado haijapata nguvu na pumzi zetu zikajaza vioo vyote. Nikageuka kuangalia kama umekaa vizuri nikakuona umetoa mkono kwenye blanketi. Ukanyoosha kidole. Ukaandika kwenye kioo cha mlango wako, kwa herufi kubwa zile za darasa la saba, taratibu, mkono ukitetemeka kila mstari:

MAMA AMEKULA?

Na chini ya alama ya kuuliza ukatia nukta kwa ukucha.

Unajua nilichosema kwanza? Nilisema, "Baba, si unachafua kioo!" Miaka yote hiyo nikingoja siku ya kukushika na kosa, nikakushika siku ile. Ulicheka bila sauti, mabega tu. Kisha ukakigonga kioo chini ya swali lako, mara mbili, ukanitazama.

Nikasema, "Amekula."

Hakuwa amekula. Sahani ilikuwa mezani imefunikwa, niliiona nikitafuta funguo. Nilikuwa na haraka, nilikuwa naogopa barabara, naogopa daktari, na nilitaka kitu kimoja tu duniani kisikusumbue. Ulifumba macho ukaegemeza kichwa kwenye kiti. Siku ya tatu yake ukatutoka, ukiwa wodini, na hilo ndilo neno la mwisho tulilozungumza mimi na wewe. Swali lako lilikuwa la kweli na jibu langu lilikuwa la uongo.

Nimelia hapa, nimesimamisha kalamu. Yule mteja amechungulia kisha akarudi kwenye stuli.

Tulikuzika vizuri. Watu walikuja mpaka wa Webuye na Cheptais, magari uliyotengeneza yalijaa boma, na niliona haya kidogo kwa sababu nilikuwa nayaangalia raba badala ya kusikiliza mahubiri. Baada ya sisi wafiwa kunyolewa, ndugu zako waligawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Koti la mvua lilikwenda kwa baba mdogo. Baiskeli ikapata mwenyewe. Pikapu walisema ni yangu, hakuna aliyebisha. Chombo kimoja hakuna aliyekitaka: ule mkebe wako wa zamani wa mafuta ya kukamulia, wenye picha ya ng'ombe kifunikoni, uliokuwa ukiwekea glisarini na kitambaa. Mama aliunyakua akauficha chini ya leso. Hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilirudi Kitale kwa kazi. Pikapu, waliyoileta ndugu zako siku ya mazishi, nikaiacha Bumula, sikuwa na moyo wa kuiendesha. Niliikuta tena mwezi wa sita mwaka huu, imeoshwa nje, matairi yamefunikwa magunia, nikashukuru nikaja nayo. Asubuhi ya kwanza ya baridi hapa nikaingia, nikawasha, nikangoja hita. Vioo vikajaa ukungu. Na hapo kushoto, Baba, kwenye ukungu, likatokea. Herufi baada ya herufi, mstari wako unaotetemeka, mpaka nukta ya ukucha.

MAMA AMEKULA?

Hakuna aliyekuwa amegusa kile kioo mwaka mzima. Mafuta ya kidole chako yalikuwa bado pale. Nilibaki nimekaa, injini ikinguruma. Kusema kweli nilifurahi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi kama mtu aliyepigiwa simu. Aibu ilikuja baadaye, hita ilipopata nguvu na maneno yakaanza kuyeyuka kabla sijajibu.

Sikufuta. Mimi, binti yako, mwenye kibanda chako, niliyewapa watoto wa watu kitambaa wafute vikatuni vyao, nikawa natembea mjini na kioo cha kushoto ambacho sikioshi. Nilisafisha vingine vyote. Hicho nilikizunguka. Fundi wa jirani aliniuliza kama kimeharibika, nikamwambia nasubiri dawa yake kutoka Nairobi.

Na ukungu ulizidi. Kwa siku chache za kwanza nilidhani ni msimu, halafu nikaanza kusikia harufu ya gunia lililolowa. Nikainua kapeti ya kushoto nikakuta maji. Nikafanya ulivyonifundisha, nikaanza juu. Karatasi ya kalenda ilitoka mlangoni hapo kwa kushoto bila hata salamu. Nikaishika raba: imevimba, imelegea, inateleza, imejikunja kwenye kona mpaka imetoka kwenye mfereji wake. Nikanusa vidole. Hiyo haikuwa glisarini. Nilikaa chini hapo hapo kwenye kokoto, kwa sababu harufu ile kila mtu wa kwetu anaijua, ni ya asubuhi, ya ndoo, ya matiti ya ng'ombe.

Nikampigia Mama. Nikamuuliza pole pole kama kuna mtu alipaka kitu kwenye milango ya pikapu.

"Si ni mimi," akasema, kwa fahari. "Kila Jumamosi, vile alikuwa anapaka. Ile dawa yenu iliisha, nikanunua ingine kwa duka ya mifugo. Si mkebe uko na ng'ombe?"

Nimekuwa fundi muda wa kutosha kujua mafuta yale yanaufanyia nini mpira. Yanaulainisha siku ya kwanza, ukasifu. Kisha yanauvimbisha na kuuoza. Mteja akinifanyia hivyo huwa namsomea, namkemea. Lakini nilimwona Mama akilini, pale uwanjani Jumamosi, mkebe mkononi, akizunguka gari lisilo na mwenyewe, akisugua milango kama alivyokuona ukisugua miaka arobaini, na hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya mkebe hapakuwahi kuwa na kile kilichoandikwa nje. Nilimwambia, "Asante, Mama."

Wiki mbili baadaye jirani alinipigia. Alisema moshi hautoki jikoni kwa Mama. Nikaenda Bumula asubuhi iliyofuata nikamkuta amekonda, leso inamzunguka mara mbili. Anakunywa chai tu. Nilimuuliza kwa nini, akasema ugali wa mtu mmoja unapikwaje, maji yakishachemka unga unaweka kiasi gani? Aliuliza kama anataka kujua kweli. Nikafunga nguo zake, nikamwambia twende Kitale, akaingia pikapu bila kubishana. Hilo la kutobishana lilinitisha kuliko kukonda.

Tulipopita Kimilili mvua ilikuwa imeanza na ukungu umeshuka barabarani. Kapeti bado ilikuwa na maji, raba bado inavuja, nilikuwa sijaigusa kwa sababu kutengeneza ule mlango kungemaanisha kusafisha kile kioo. Kikajaa weupe. Herufi zikaanza kuja. Mama hakuingia darasani hata siku moja, unajua, aliona tu uchafu wa mistari, akashika ncha ya leso akainua mkono.

"Usiguse!" Nilimpigia kelele, Baba. Mama yangu. Alishusha mkono akaukunja pajani kama zamani.

Hatukufika mbali. Karibu na Kamukuywa nilitaka kutoka barabarani nimnunulie maji ya kunywa. Nikawasha taa ya kushoto, nikatazama kioo cha pembeni cha upande ule kupitia kioo cha mlango, na badala ya barabara nikaona swali lako. Sikuona kitu kingine. Nikakunja. Mama akanishika mkono wote akapiga ukelele, nikakanyaga breki, na bodaboda ikapita hapo kati yetu na mtaro, karibu tuikwaruze, ikiwa na mama amebeba mtoto mgongoni. Iliyumba, ikakanyaga nyasi, ikasimama. Hakuna aliyeanguka. Yule kijana alirudi akagonga boneti yangu kwa kiganja.

"Mathe, si uangalie side bana! Ati hiyo kioo ni ya mapambo?"

Yule mama wa mtoto alishuka. Alimshusha mtoto akamkagua mikono na miguu pale kwenye mvua, kisha akamfunga tena mgongoni. Nilishuka nikaomba msamaha mpaka kijana akachoka kukasirika. Nikarudi kwenye gari. Ningemuua mtu, Baba. Ningemuua kwa kitu ambacho wewe uliniambia siku ya kwanza kabisa kazini.

Mama alingoja nikae. Halafu akasema, bila ukali, "Nilitaka kupanguza ukakataa. Ni nini iko kwa hii kioo?"

Nikamsomea.

Mvua ilikuwa inapiga bati la juu. Kisha akauliza, "Aliandika kwa kioo? Huyo huyo?" Nikasema ndiyo. "Na kidole?" Nikasema na kidole. Mama akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uugue. Alisema, "Mimi alinikataza miaka yote hiyo," akacheka mpaka akafuta macho, na akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Akauliza, "Na wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia nilisema umekula, na nilikuwa nimeiona sahani. Nilitegemea aniambie nilifanya vizuri, kwamba mgonjwa hasumbuliwi, watu wazima husema hivyo. Mama hakusema hivyo.

"Ulimdanganya mtu anaenda," akasema. Kisha akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Na mimi nilikudanganya wewe. Jikoni sikukula hata siku moja. Sasa aliuliza nani mwenye angemwambia ukweli?"

Akaniomba nimwonyeshe ni wapi ameandikwa yeye. Nikamwonyesha zile herufi nne za kwanza. Akapitisha kidole juu yake, M, A, M, A, akifuata mstari wako unaotetemeka mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiandika kitu. Nilidhani ataacha hapo. Nilitamani aache hapo. Lakini alichukua ncha ya leso, akaikunja vizuri, akafuta kioo chote kutoka juu kwenda chini, juu kwenda chini, bila kuzungusha, mpaka kikawa kisafi na barabara yote ya Kamukuywa ikaonekana, bodaboda, mtaro, na mwanamke ng'ambo amejifunika karatasi ya nailoni akiuza mahindi ya kuchemsha.

"Mtu hawezi kuulizwa mwaka mzima bila kujibu," akasema.

Akashusha kioo, kikateremka kwa shida kwenye ule mfereji wenye mafuta ya ng'ombe, akamwita yule mwanamke. Akachukua hindi likiwa bado linatoa moshi na chumvi imeshikana juu yake. Na akala. Nilikaa nimeshika usukani, injini imezimwa, nikimtazama. Alikuwa akitoa punje kwa kidole gumba, mstari mmoja mmoja, bila haraka, na hakuacha hata zile ndogo za nchani. Alipomaliza akaniambia nimnunulie lingine. Akala na hilo nusu, nusu akanipa mimi. Halafu akajipangusa mikono.

"Si umwandikie sasa," akasema. "Mwambie nimekula."

Ndiyo sababu ya barua hii, Baba. Nimetumwa.

Pikapu nimeitengeneza kwa siku mbili. Raba ya zamani nimeitoa yote, nimeosha mfereji kwa maji ya vuguvugu na sabuni mara tatu mpaka mafuta yakaisha, nimetia mpya. Kapeti imekauka. Kioo nimekipitisha siki na gazeti ndani na nje, ingawa Mama anasema kazi kubwa aliifanya yeye. Nimemwambia pia ukweli kuhusu mkebe, kwa sababu nimechoka na uongo wa huruma. Nilifikiri atafadhaika. Alifikiri kidogo akasema, "Kumbe bila hiyo mafuta yangu maji haingeingia, ungeendesha tu, hungeona kitu." Mkebe tumeuosha, tumeujaza glisarini, na yeye ndiye anayepaka, kila Jumamosi, kidogo tu, na ameanza kuwasomea wateja. Mzee Njoroge jana amefunga mlango polepole kwa sababu Mama alikuwa anamtazama.

Asubuhi hii nilimpa ashike kipande cha kalenda. Nikafunga mlango wa kushoto, taratibu, akavuta. Kikabishana naye. Akavuta tena, akacheka, kikakatika mkononi mwake.

Nimeangalia kile kioo leo, ukungu ulipokuja. Ni weupe mtupu, hakuna kitu. Siwezi kusema haijaniuma. Nimekikosa kile kidole chako kuliko nilivyokukosa siku ya kaburi. Lakini barabara inaonekana vizuri, na nadhani ungechagua hivyo.

Nakuahidi haya, Baba, na safari hii usiniamini kwa maneno, muulize yeye mtakapoonana. Sitaendesha tena na kioo kisichoonyesha barabara. Sitafunika sahani nikaenda kulala. Nitakaa mezani na Mama mpaka sahani iwe tupu. Na mtu akiniuliza swali akiwa anaondoka, hata likiniumiza, nitamjibu lililo kweli. Lala salama huko Bumula, upande ule jua linakotokea. Tutakuja Desemba kukupalilia, Mama atakaa kushoto.

Sasa ananiita kutoka kibandani, mboga ya mrenda imeiva na ugali uko tayari, amepika wa watu wawili na anasema unga sasa anajua kiasi. Naenda kukaa naye. Nitaacha ukurasa huu wazi nirudi kuumalizia.

Nimerudi.

Amekula, Baba. Nimemwona kwa macho yangu.

Binti yako,
Nasimiyu